Mgeni katika Kundi Sogozi la Kijiji



Mkazi mpya anapoingizwa katika kundi la WhatsApp la kijiji, kwa kawaida hukuta ukurasa mtupu. Ujumbe uliotumwa kabla yake mara nyingi haumfikii. Tangazo la mgawo wa maji lililojadiliwa jana hadi usiku, kwake halipo. Asubuhi anauliza, “Jamani, maji yanatoka lini?” Anajibiwa, “Soma juu!” Huko juu hakuna kitu.

Kosa hapo si la mgeni. Na hasara yake si ndogo, kwa kuwa mama aliyekemewa mbele ya watu mia mbili hatauliza tena, hata siku anapotaka kujua tarehe ya chanjo ya mwanawe. Atabaki kundini kimya, na siku ya kliniki itapita. Zahanati itamwona tu kama jina lisilowekewa alama daftarini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mwenyeji mwungwana hatoi jembe kabla ya kuonyesha mpaka wa shamba. Msimamizi na amwandikie mkazi mpya faraghani, salamu kwanza, kisha amweleze kundi ni la nini na matangazo hutolewa na nani. Tarehe za kliniki na zamu za maji ziandikwe katika maelezo ya kundi, yanayoonekana kwa kubofya jina lake, ili hata asiyethubutu kuuliza azipate. (Ujumbe wa sauti wa dakika saba si maelekezo, ni adhabu.)

Picha ya majeruhi au marehemu ni jambo la kusemwa mapema kuliko yote. Majeruhi wa barabarani huenda ana ndugu ndani ya kundi hilohilo, na hakuna anayestahili kupokea msiba kwa njia hiyo. Ujumbe wenye mishale miwili, nao, umepita mikono mingi. Mishale hiyo si muhuri wa ukweli. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ila si busara kumpokea mgeni kwa vitisho vya sheria. Aambiwe tu amuulize Mtendaji kabla ya kusambaza.

Akikosea, msimamizi aufute ujumbe kwa wote, kisha amweleze sababu pembeni. Mzee aliyepewa simu ya kisasa na mjukuu wake juzi asiitwe mshamba mbele ya wakwe zake.

Ujumbe wa kumpokea mkazi mpya waweza kuwa mfupi hivi:

“Shikamoo mama, karibu katika kundi la kijiji chetu. Hapa hutolewa matangazo ya maji, afya na shule. Yaliyotangazwa kabla hujaingia huenda usiyaone, kwa hiyo uliza bila hofu, utajibiwa. Picha za watu tusitume bila ridhaa yao. Kliniki ya watoto mwezi huu ni tarehe…”