Utamaduni, Demokrasia na Haki ya Mwanachama ya Kuelewa
(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya utamaduni, demokrasia na mabadiliko ya maisha yetu. Neno demokrasia limekwisha kuchakaa kwa kutajwa majukwaani, na utamaduni hudhaniwa na wengi kuwa ni ngoma za kuwalaki wageni wakuu. Basi badala ya kuyafasili maneno hayo, twaomba idhini tuwasimulie habari za kijiji kimoja, kisha tuseme ya nyumbani kwetu.

Kijiji hicho ni Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru. Watu walikusanywa hapo wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, wala si kwa hiari yao. Mwaka 1976 wenyeji walianzisha masomo ya watu wazima, na mwaka 1977 wakajenga kwa mikono yao ukumbi wa michezo usio na paa, wa kutosha watu wapatao 2,000. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwezi wa Mei 2025, wakati huo alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwaandikia mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, unaoeleza jinsi maskini alivyopokonywa kipande chake cha ardhi.

Hapa ndipo tunapowaomba wazee watege masikio. Mazoezi yalifanywa hadharani, na mpita njia aliweza kuketi akasahihisha. Wazee waliwakosoa waandishi: mzee hasemi hivi, wimbo huu hauimbwi hivyo. Wafanya kazi wa viwandani walieleza taabu za mshahara kama wanavyozijua wao. Mwalimu wa Chuo Kikuu aliketi akafundishwa na watu waliokuwa wakijifunza kusoma, na hapana aliyeona kwamba heshima yake imepungua. Twadhani hiyo ndiyo demokrasia, ingawa siku ile hapakuwa na sanduku la kura.

Mchezo ulianza kuonyeshwa mwezi wa Oktoba 1977. Mwezi uliofuata ruhusa yake ikaondolewa, na siku ya mwisho ya mwaka mwandishi akatiwa kizuizini bila ya kuhukumiwa, mpaka Desemba 1978. Mwezi wa Machi 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Lakini katika mwaka ule ule wa 1977 mtu huyo huyo alikuwa ametoa kitabu kwa Kiingereza, Petals of Blood, chenye maneno makali kabisa juu ya wakubwa, na kikazinduliwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Bwana Mwai Kibaki! Shutuma zilikuwa zile zile. Tofauti tuionayo ni kwamba safari hii mkulima na mchuma chai walielewa kila neno.

Hatukubaliani na marehemu katika kila jambo. Yeye alishikilia sana lugha za mama, na twamheshimu kwa hilo. Lakini katika mji kama huu wetu, ambamo jirani wa kulia ni Mluo na wa kushoto ni Mkamba, lugha ya mama ya mmoja yaweza kuwa ukuta kwa mwingine. Kwa sababu hiyo sisi twasimama na Kiswahili. Kilianza kusemwa Bungeni mwaka 1974, na Katiba ya 2010 imekifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Wazee hawajasahau habari za uchaguzi wa Machi 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Mpiga kura mmoja alipewa kura moja, mwingine mbili, mwingine tatu, kwa kadiri ya elimu, mali na mambo mengine kama hayo. Utaratibu huo ulikufa zamani. Hata hivyo, mwanachama anayeinua mkono kupitisha hesabu asizozielewa, je, ana kura nzima kweli? Mama auzaye mboga sokoni hutoa shilingi zake za mfuko wa mazishi sawasawa na karani. Asomewapo hesabu kwa Kiingereza cha wakaguzi, hupiga makofi kwa adabu tu.

Kuna vijana wasemao kwamba kutafsiri ni kurudi nyuma, na kuna wazee wanaochelea kwamba kila mtu akielewa, maswali yatakuwa mengi na adabu itapotea. Kwa vijana hatuna jibu refu; waliojenga Kamĩrĩĩthũ hawakurudi nyuma. Kwa wazee twasema kwa unyenyekevu kwamba pale aliyesahihishwa alikuwa msomi, na waliomsahihisha walikuwa wazee.

Basi hoja iliyo mbele yenu ni hii: hesabu za mwaka ziandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ofisini majuma mawili kabla ya Mkutano Mkuu, Mweka Hazina azisome polepole, pato na matumizi, mzee asiyejua Kiswahili vizuri aketi na mkalimani amtakaye mwenyewe, na kura isipigwe mpaka swali la mwisho limejibiwa. Mkutano utarefuka, na chai itachelewa. Twaomba hoja iungwe mkono.