Umevunjika au Nimeuvunja? Sarufi ya Ukweli katika Hadithi za Watoto



Nilipokuwa na umri wa miaka 7 nilivunja mtungi wa maji wa bibi yangu. Alipouliza kulikoni, nilijibu: "Mtungi umevunjika." Sikusema uongo, maana mtungi ulikuwa umevunjika kweli. Lakini macho ya bibi yalimgeukia binamu yangu, naye ndiye aliyechapwa. Mimi nilinyamaza.

Hadithi za watoto zihusuzo ukweli, hatia na kuyakabili matokeo ya kitendo huchambuliwa kwa kawaida kwa upande wa maadili. Leo napenda tuzitazame kwa upande wa sarufi.

Katika "Nimeuvunja mtungi", kiambishi ni- kinamweka mtenda mbele ya watu. Katika "Mtungi umevunjwa", kauli ya kutendwa inamficha mtenda, ila inamwachia nafasi yake, ndiyo maana twaweza kuuliza, "Umevunjwa na nani?" Katika "Mtungi umevunjika", kauli ya kutendeka inaiondoa hata nafasi hiyo. "Umevunjika na nani?" si swali la Kiswahili. Mtoto hajafundishwa nadharia hii, lakini ajua pa kujificha.

Kwa maoni yangu, basi, hadithi nzuri ya aina hii ni safari ya kutoka -ik- hadi ni-. Mwandishi mwenye haraka humrukisha mtoto safari hiyo: kosa katika ukurasa wa kwanza, fimbo katika ukurasa wa mwisho, na methali chini yake. Msomaji mdogo hujifunza kuogopa fimbo, kukiri hajifunzi.

Tukumbuke *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Hasidi na Mwivu, waliomtendea ndugu yao uovu, wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku. Tuiangalie adhabu hiyo vizuri. Nyani aweza kulia, lakini hawezi kukiri, kwa kuwa hana lugha. Kipigo kinaweza kuendelea usiku baada ya usiku bila ya mkosaji kutamka neno. Ndiyo sababu kurudishiwa kwao umbo la utu kuna uzito: arudishiwaye utu hurudishiwa pia uwezo wa kusema, "Nilitenda."

Wanafunzi wangu, baadhi yenu mtakuja kuwaandikia watoto. Nawasihi msimwadhibu mhusika wenu kabla hajaipata sentensi yake. Mpeni usiku wa kukosa usingizi, mpeni mtu wa kumwambia, kisha mwacheni aseme mwenyewe.

Mimi sentensi yangu niliipata nikiwa na umri wa miaka 30. Binamu yangu alicheka, akasema kwamba zile fimbo alikwisha kuzisahau. Alichokuwa hajakisahau ni kimya changu.