Siku Niliyochungulia Darubini

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Pemba)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu mliojaaliwa kufika, wenzangu tuliokaa nao dawati moja, na nyinyi vijana wa skuli mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti:



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, aliniambia nichague jambo lolote lenye manufaa. Kwa mtu aliyefundisha miaka zaidi ya thelathini, ruhusa ya namna hiyo ni ya hatari, maana mwalimu akishapewa kipaza sauti hajui kukirudisha. Kwa hiyo nimejiwekea mpaka mwenyewe. Nitazungumza juu ya siku moja tu ya maisha yangu, ya mwaka 1987, na nikimaliza siku hiyo nitakaa kitako.

Lakini kwanza nirudi nyuma kidogo. Sisi tuliozaliwa mashamba, nje ya miji ya Wete, Chake Chake na Mkoani, tulikulia mtoni. Pemba Mungu ameijaalia vilima na mabonde, na kila bonde lina kijito chake. Humo tulioga, tulifua, tulichota maji, tulivua vidagaa kwa kanga za mama zetu, na msimu wa karafuu tulijitosa humo kuondoa uchovu wa kupanda mikarafuu kutwa. Na wengi wetu tulikojoa damu. Nasema wazi, kwa kuwa waliomo humu ni watu wazima, na vijana wale wa nyuma wanasoma bayolojia. Tulikuwa tukishindana nyuma ya madarasa, nani wake mwekundu zaidi. Wakubwa wetu walituambia kuwa ndiyo dalili ya kijana kuingia ukubwani, nasi tukafurahi. Asiyekojoa damu tulimwona bado mtoto.

Basi nikamaliza masomo hapa petu, nikapata ualimu, nikapelekwa kufundisha skuli moja ya msingi ya shamba. Jina la skuli hiyo sitalitaja, kwa sababu haya ninayoyaeleza ni makosa yangu mimi, si ya skuli. Nilikuwa kijana, nguo zangu zimepigwa pasi, na nilikuwa na imani mbili. Ya kwanza ni kwamba elimu ndiyo itakayoikomboa Pemba. Ya pili ni kwamba elimu hiyo huingia kwa bakora. Nilijulikana kwa bakora. Wazee wakinisifu kwayo, nami nikizidi kuinyoosha.

Katika darasa langu la nne alikuwamo mtoto mmoja mwembamba wa miaka kama kumi na miwili. Alikuwa akichelewa karibu kila siku, miguu ina tope mpaka magotini. Akishakaa, husinzia. Akizinduliwa, hunyoosha kidole: "Maalim, naomba ruhusa niende haja." Nampa. Haijapita nusu saa, kidole kiko juu tena. Mara tatu, mara nne kabla ya saa ya mapumziko. Nikasema moyoni, huyu nimeshamjua. Huyu ni mvivu, na choo amekifanya kimbilio lake. Nikamchapa kwa kuchelewa, nikamchapa kwa kusinzia, na mwisho nikamkataza kutoka.

Siku ya tatu ya katazo langu alinyoosha kidole, nikakitazama nikaendelea kuandika ubaoni. Baadaye nikasikia darasa zima linacheka. Kugeuka, mtoto amesimama, kaptura imerowa, na maji yanatiririka sakafuni. Ndugu zangu, niliona kuwa yale maji yana rangi. Niliiona kwa macho yangu. Lakini rangi ile nilikuwa nimeizoea tangu utoto, kwa hiyo haikuniambia kitu. Nikampa bakora tatu mbele ya wenzake, nikamtuma akalete mchanga akausafishe uchafu wake. Wenzake waliendelea kucheka, nami sikuwanyamazisha.

Hazikupita wiki nyingi, wakaja watu wa afya. Wenzangu wa umri wangu watakumbuka kuwa mwaka 1986 ilianzishwa Pemba kazi kubwa ya kupiga vita kichocho, na kazi hiyo ilipitia maskulini, kwa sababu huko ndiko watoto walikokusanyika. Siku walipofika kwetu walitoa vichupa, kila kimoja na namba, wakaniomba mimi nishike daftari la majina. Walitaka mkojo utolewe baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwani wakati huo ndipo mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Nilishangaa kuwa hata uchafu una saa zake.

Walianza na kijikaratasi kinachobadilika rangi penye damu. Halafu wakachukua baadhi ya vichupa, wakasukuma mkojo kwa bomba la sindano upite kwenye chujio dogo, chujio wakalilaza juu ya kioo, na kioo wakakiweka chini ya darubini, ile ya kutazamia vidudu, ambayo vitabu vya siku hizi vinaiita hadubini. Fundi wao alikuwa kijana mpole. Aliponiona nachungulia begani kwake akasema, "Maalim, njoo utazame."

Nikainamisha kichwa. Mwanzo sikuona ila kope zangu mwenyewe. Kisha akazungusha gurudumu dogo, na mara nikaona. Yalikuwa mayai marefu kidogo, ya rangi ya manjano iliyofifia, na kila moja nchani lina mwiba. Yalikuwa mengi mno, kama punje za mpunga zilizomwagwa juu ya jamvi. Fundi akanieleza kuwa minyoo yenyewe, dume na jike, hukaa pamoja katika mishipa ya damu ya kandokando ya kibofu, na kila siku jike hutaga mamia ya mayai kama yale, nayo hupenya kwenye nyama ya kibofu yapate kutoka nje. Ndiyo sababu ya damu. Ndiyo sababu ya maumivu, na ya mtu kutaka kwenda haja kila mara, hata kama hana kitu cha kutoa. Damu ikitoka miezi na miaka, mtoto hupungukiwa na nguvu, akadumaa, akasinzia. Akiachwa hivyo mpaka utu uzima, kibofu na figo huharibika, na wengine hupata saratani ya kibofu.

Nikamwuliza kichupa hiki ni namba ngapi. Akanitajia. Nikafungua daftari nililolishika mkononi, nikaishusha safu kwa kidole. Mmeshafahamu nilikuta jina la nani.

Nilikaa kimya. Yule fundi, bila ya kujua ninachokiwaza, akasema kwa wema, "Na wewe Maalim, ungetupa chako tukutazamie." Nikatoa. Alipomaliza aliniita nikatazame tena. Mayai yalikuwamo, machache kuliko ya mtoto, lakini ni yaleyale, na mwiba uleule.

Wahenga wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimekilalia kitanda kilekile toka utoto, na kunguni sikuwajua. Nilimchapa mtoto kwa maradhi niliyokuwa nayo mwenyewe.

Kwa manufaa ya vijana, nieleze safari ya ugonjwa huu. Mgonjwa akikojoa mtoni, mayai huanguliwa ndani ya maji, na kijidudu kinachotoka huingia katika konokono mdogo wa maji baridi. Baada ya wiki kadhaa, kutoka kwa konokono mmoja huyo hutoka vijidudu vingi sana, navyo hupenya ngozi ya yeyote aliyeingia majini, bila ya kumwuma wala kumwomba ruhusa. Bahari haimo katika kesi hii, kwa sababu konokono yule haishi kwenye maji ya chumvi. Wala maradhi haya si ya Pemba peke yetu. Mayai yake yamekutwa katika maiti zilizokaushwa za Misri ya kale, za zaidi ya miaka 3,000. Mdudu mwenyewe aligunduliwa mwaka 1851 mjini Cairo na daktari wa Kijerumani, Theodor Bilharz, na ndipo likatoka jina la bilhazia. Nilipolisoma jambo hili nilihesabu: toka ugunduzi ule mpaka mimi kumchapa mtoto yule ni miaka 136. Elimu ilikuwapo duniani muda wote huo. Haikuwa imefika kwenye darasa langu.

Watoto walipewa vidonge vya prazikwanteli, dozi moja kwa kadiri ya uzito, nami nikameza vyangu.

Alasiri yake nilikwenda nyumbani kwa yule mtoto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika. Mama yake nilimkuta bondeni, na hapo nikaelewa tope lile la magotini: kila alfajiri mtoto alikuwa akiamia mpunga, anafukuza ndege amesimama majini, ndipo akimbie skuli. Nikamweleza mama yote, ya darubini na ya bakora. Nilitaraji anilaumu, na nilikuwa tayari kulaumiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Maalim, na mimi nilikuwa nikimpiga. Kila siku jamvi limerowa." Akafunika uso kwa ukaya wa kanga yake. Tukakaa pale ukingoni, watu wazima wawili waliompiga mtoto mmoja kwa kosa la konokono.

Sitawadanganya kuwa mtoto yule baada ya vidonge alikuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa kumi na mbili. Lakini aliacha kusinzia, na mkono wake ukawa unanyooka kujibu maswali. Na kwa vile bonde lilikuwa ndilo chakula chao, aliendelea kuingia majini, na mwaka uliofuata ilibidi ameze vidonge tena. Hapo nilijifunza kuwa dawa huua minyoo iliyomo mwilini, lakini njia ya kuingilia huiacha wazi.

Liko jambo moja sikulifanya, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza leo. Mtoto mwenyewe sikumwomba radhi. Zama zile mwalimu hakumwomba radhi mwanafunzi. Ningeona nimevua nguo mbele ya darasa. Ilipita miaka mingi mno. Siku moja bandarini Mkoani, tunasubiri meli, akanijia mwanamume mzima ana watoto wawili, akanishika mkono akaubusu. Nikamtambua. Nikasema, sasa au sitasema tena. Nikamwambia, "Mwanangu, zile bakora nisamehe." Akacheka, akasema, "Maalim, bakora nilishazisahau zamani." Kisha akanyamaza kidogo, akaendelea: "Ile siku waliyonicheka, hiyo bado naikumbuka." Hakuwa na hasira. Alikuwa ananipa habari tu, kama mtu anayeeleza mahali kidonda kilipokuwa.

Ndugu Mwenyekiti, toka siku ya darubini sikumkataza tena mtoto yeyote kwenda haja. Bila shaka wamo walionidanganya. Nimehesabu kuwa ni bora nidanganywe na mia kuliko nimkosee mmoja. Na kila nilipotaka kumwita mtoto mvivu, nilijiuliza kwanza: amelala wapi, amekula nini, ametokea njia gani, na anaumwa wapi? Mara nyingi jibu lilipatikana kabla ya bakora.

Nashukuru kusema kuwa hali ya leo si ile. Mwaka 2000 ilifunguliwa hapa Pemba Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, ambako vijana wetu wenyewe wanachungulia darubini. Mwaka 2012 zilianza juhudi mpya za kuutokomeza kichocho Unguja na Pemba: watu wazima nao wakapewa dawa, konokono wakauliwa mabwawani, na baadhi ya maskuli na vijiji vikafundishwa michezo ya salama, vikajengewa mahali pa kufulia na vyoo vya haja ndogo. Maradhi yamepungua sana sana. Lakini hayajakwisha. Ziko shehia ambazo yakifukuzwa hurudi, kwa njia ileile ya mkojo na mto.

Nimeona katika ajenda ya leo lipo pendekezo la kuchangia ujenzi wa lango lenye jina la skuli yetu. Ni wazo zuri, na jina la skuli yetu linastahili lango. Ila nilipowasili asubuhi nilizunguka nyuma ya madarasa, palepale tulipokuwa tukishindana, nikaona vyoo ni haba na mfereji hautoi maji. Naomba tuanze na hivyo. Mgeni atakayekuja akakosa lango atauliza njia, ataonyeshwa. Mtoto anayenyoosha kidole hawezi kungoja.

Nilisema nikimaliza siku ile nitakaa. Nimemaliza.