Dawa ya Kukaza Picha: Tusibane Pesa Mahali Pasipofaa

(Maneno tuliyozungumza na vikundi vya kujisaidia katika mkutano wa mafunzo ya kazi za mikono)



Tumeombwa tuseme kidogo juu ya kazi ya kikundi chetu, yaani kusafisha picha nyeusi na nyeupe katika chumba cha giza. Hatutasema yote. Tutasema juu ya dawa moja tu, ile ya kukaza picha. Wengine huiita fiksa. Mafundi wa zamani waliiita haipo, na sisi tulikuwa tukilicheka sana jina hilo. Baadaye tuliona si la kuchekwa, maana ukiipuuza dawa hiyo, baada ya muda picha yako kweli haipo.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Dawa ilikuwa imepanda bei, na mweka hazina akasema tuivute kidogo. Basi tukatumia chupa ile ile wiki baada ya wiki. Picha zilitoka nzuri, wateja wakalipa, tukajisifu. Mwaka haukuisha, mama mmoja jirani yetu akaja na picha ya marehemu mzee wake. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na uso hauonekani. Alikuwa hana nyingine. Tukaitafuta filamu, tukaikuta nayo ina ukungu. Tukairudisha katika dawa mpya, tukaiosha vizuri, na picha kadhaa zikaokoka. Katika hizo, mzee yuko moja tu, amesimama nyuma ya watu, nusu ya uso. Mama alisema inatosha. Sisi tulijua haitoshi.

Dawa hii inafanya nini?

Filamu na karatasi ya picha zimepakwa chumvi za madini ya fedha, ambazo hugeuka zikipigwa na mwanga. Dawa ya kwanza hutokeza picha pale mwanga ulipogusa. Lakini zile chumvi ambazo hazikuguswa bado zimo, na ukizitoa nje kwenye mwanga nazo zitageuka polepole. Kazi ya fiksa ni kuziyeyusha na kuziondoa. John Herschel wa Uingereza aliona mwaka 1819 kwamba haipo huyeyusha chumvi za fedha, na mwaka 1839 ikaanza kutumiwa kukaza picha. Kwa hiyo si jambo jipya, na wala halina njia ya mkato.

Tuchague ipi?

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya unga au chembechembe, sodiamu thaiosalfeti. Faida yake ni kwamba haimwagiki kwenye matatu, na ikikaa pakavu haiharibiki upesi. Lakini ni ya polepole: filamu inahitaji dakika 5 hadi 10. Ukiichanganya, maji hupoa sana, kwa hiyo anza na maji ya vuguvugu. Changanya penye hewa, usivute vumbi lake.

Ya pili ni ya maji, amoniamu thaiosalfeti. Hii ni ya haraka. Filamu huchukua dakika 2 hadi 5, na karatasi yenye plastiki huweza kumaliza kwa nusu dakika au dakika moja. Kwa filamu, kipimo cha kawaida ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 4 za maji. Sisi tulichagua hii, maana tunafanya kazi siku ya Jumamosi tu na tunataka kumaliza mapema.

Angalia pia kama dawa ina kigumishi ndani yake. Mahali penye joto kali, ambapo maji ni ya moto na utando wa filamu hulainika, kigumishi husaidia. Lakini kinafanya kuosha kuwe kwa muda mrefu na maji mengi. Penye baridi kama kwetu, acheni kigumishi.

Namna ya kutumia

1. Baada ya dawa ya kwanza, pitisha filamu au karatasi kwenye maji ya siki yaliyozimuliwa. Siki hukomesha dawa ya kwanza isiingie kwenye fiksa na kuichosha.

2. Pima nguvu ya dawa kabla ya kazi. Kata ulimi wa filamu mpya ambayo haijasafishwa, utumbukize, uhesabu. Utaona rangi ya maziwa inaisha na filamu inakuwa angavu. Ikichukua dakika 1, kaza filamu yako dakika 2, yaani mara mbili. Andika muda wa dawa ikiwa mpya. Siku ulimi utakapochukua mara mbili ya muda ule, dawa imechoka. Usiionee huruma.

3. Hesabu kazi. Kwa mfano, Ilford Rapid Fixer iliyochanganywa 1 kwa 4, lita moja hukaza filamu kama 24 za picha 36. Sisi tunachora mstari kwenye chupa kwa kila filamu. Dawa ya filamu na ya karatasi tunaziweka mbali mbali.

4. Usizidishe muda hovyo. Karatasi ikilala ndani ya fiksa, sehemu nyepesi za picha huanza kufutika, na dawa hujificha ndani ya karatasi.

5. Osha. Dawa ikibaki ndani, italeta madoa ya manjano. Kama maji ni ya kubeba kichwani na dawa haina kigumishi, jaza tangi la filamu, ligeuze mara 5, umwage. Jaza tena, mara 10, umwage. Jaza tena, mara 20, umwage. Maji matatu tu.

6. Dawa ikitoa chembechembe nyeupe au za manjano kama kiberiti, imeoza. Haifai tena.

Hatari zake

Jamani, msiweke dawa hii kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma. Tumia dumu lenye maandishi makubwa, lifungiwe kabatini. Usiichanganye kamwe na dawa ya kufulia yenye klorini, maana hutoa hewa ya sumu. Fungua dirisha kila baada ya kazi, na utumie koleo, si vidole.

Dawa iliyochoka imebeba fedha iliyoyeyuka, ambayo huua viumbe wadogo wa majini. Usiimwage mtoni wala karibu na kisima. Ukitia ndani yake nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, fedha huganda na kubaki chini kama tope jeusi. Msitarajie utajiri, kikundi kidogo hupata kidogo. Sisi tunaihifadhi kwenye dumu, na tunauliza hospitali zinazotumia bado filamu za eksirei wanazipeleka wapi zao.

Mwisho

Mtu atasema, siku hizi si kila mtu ana simu? Kweli. Lakini simu ikiibwa, picha huenda nayo. Filamu iliyokazwa na kuoshwa vizuri hukaa miaka mingi kuliko sisi. Yule mama alitulipa ili tumwekee mzee wake, nasi tukaokoa shilingi chache za dawa. Siku hizi tarehe ya kuchanganya dawa imeandikwa ukutani, na mweka hazina mwenyewe ndiye anayepima ulimi wa filamu kila Jumamosi.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kazi yetu, ni kitu gani tunachobania pesa ambacho mteja hawezi kukiona siku ya kununua?
2. Nani anapima, nani anaandika, na nani ana ruhusa ya kusema "hii imwagwe"?
3. Uchafu wa kazi yetu unakwenda wapi, na nani anakunywa maji ya upande wa chini?