Habari za Javier, Kijiji cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri
Maneno ya katekista mmoja katika sikukuu ya jubilei



Nimeagizwa ninene juu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ambaye tangu mwaka 1927 ni msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Matendo yake mmeyasikia mara nyingi. Leo nataka mwijue nyumba yao, kwa kuwa Ksaveri kwanza ni jina la mahali.

Mahali hapo ni Javier, katika nchi ya Navarra, kaskazini ya Hispania. Ukitoka Pamplona, mji mkuu wa Navarra, ni kilometa 50 hivi kwenda kusini mashariki. Upande wa kaskazini husimama milima ya Leyre, penye monasteri ya kale walimozikwa wafalme wa kwanza wa Navarra. Na karibu hupita mto Aragón. Nchi ni kavu, yenye mawe na vichaka. Tangu kale watu wamelima ngano na kufuga kondoo. Wenyeji wake leo ni kama mia moja tu. Jina lenyewe latoka katika lugha ya Kibaski, na maana yake ni Nyumba Mpya.

Zamani Navarra na Aragón zilikuwa falme mbili, na Javier kilikuwa mpakani. Kwa hiyo palijengwa ngome ya mawe, kwanza mnara mmoja, kisha kuta na minara mingine ikaongezwa. Humo alizaliwa Fransisko, kitinda mimba wa nyumba ile, tarehe 7 Aprili 1506. Baba yake, Juan de Jaso, alikuwa mkuu wa baraza la mfalme wa Navarra. Mama yake, María de Azpilicueta, ndiye aliyeirithi ngome.

Hata mwaka 1512 jeshi la Kastilia likaingia Navarra na kuitwaa. Mwaka 1515 baba akafariki. Mwaka uliofuata watu wa Navarra walijaribu kumrudisha mfalme wao, wakashindwa. Ndipo Kardinali Cisneros alipoamuru ngome zao zivunjwe. Kuta za Javier zikabomolewa, minara ikakatwa, handaki likafukiwa. Mjane na wanawe wakaachiwa nyumba ya kukaa tu. Fransisko alikuwa na miaka 10.

Kaka zake, Miguel na Juan, wakashika silaha kuitetea nchi yao. Mwezi wa Mei 1521 jeshi la upande wao liliipiga ngome ya Pamplona, na tufe la mzinga likamvunja mguu askari mmoja wa upande wa Kastilia. Askari huyo aliitwa Inyasi wa Loyola.

Basi sikieni yaliyofuata. Mwaka 1525 Fransisko akaenda Paris kusoma. Mwaka 1529 akaja Inyasi, naye achechemea, wakakaa chumba kimoja. Kwanza Fransisko hakuvutwa naye. Lakini Inyasi alimvumilia, hata wakawa marafiki wa moyo. Tarehe 15 Agosti 1534, pamoja na wenzao watano, wakamwekea Mungu nadhiri. Mtu wa upande uliovunja nyumba yao ndiye aliyemwonyesha njia.

Mwaka 1541 Fransisko akapanda merikebu kwenda Bara Hindi. Akakaa Msumbiji miezi kadhaa, na mwaka 1542 merikebu ikatia nanga Malindi, katika pwani yetu. Aliandika katika barua kwamba huko Mwislamu mmoja mwenye heshima alimwuliza kama Wakristu husali kwa bidii, maana mjini mle mlikuwa na misikiti 17, na watu walikwenda katika mitatu tu. Swali hilo latupasa sisi pia tujiulize. Tarehe 3 Desemba 1552 alifariki katika kisiwa karibu na China, wala hakurudi Javier.

Ngome ilianza kutengenezwa tena mwaka 1892, na kando yake pakajengwa kanisa kubwa. Kila mwezi wa Machi maelfu ya watu wa Navarra huenda huko kuhiji, wengi wao kwa miguu. Desturi hiyo ilitokana na ugonjwa wa kipindupindu wa mwaka 1885.

Ndugu zangu, sisi nasi tuna vijiji vidogo, na mipaka tunayo. Wapo kati yetu wasiosalimiana kwa sababu ya shamba, na watoto wao wamerithishwa ugomvi wasioujua chanzo chake. Huja kanisani, wakaketi mbali mbali. Kama Fransisko angalishika kisasi cha nyumba yake, angaliuacha urafiki wa Inyasi, na Malindi asingalifika. Jubilei ni mwaka wa kusamehe deni. Aliye na neno na jirani yake, leo tukitoka hapa, na ampe mkono.

Tumsifu Yesu Kristu.