Moshi wa Mafuta na Afya Yetu Mbulu na Hanang
Hotuba kwa wanachama na wapenzi wa Chama



Tumeombwa tuzungumze juu ya maradhi, na sisi tumechagua kuzungumza juu ya moshi. Wengine watashangaa. Watasema moshi si maradhi, moshi ni jambo la kila siku, babu zetu waliishi nao. Ni kweli waliishi nao. Lakini wengi walikufa nao pia, na hakuna aliyewaambia kilichowaua. Tangu mwanzo wa Uhuru nchi yetu imekuwa na maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Katika habari hii ya moshi maadui wote watatu wameshikana mikono, wala hatuwezi kumpiga mmoja tukawaacha wawili.

Kwanza tuseme moshi wenyewe uko wapi. Upo moshi wa mafuta ya taa katika koroboi. Upo moshi wa dizeli unaotoka katika mashine za kusaga, matrekta, jenereta na malori yapitayo Katesh katika barabara ya Babati na Singida. Na upo moshi wa kuni na mkaa, ambao kwetu sisi ndio mkubwa kuliko yote. Tukisema juu ya mafuta na gesi bila ya kutaja mafiga, tutakuwa tumesema nusu ya maneno.

Tuanze na koroboi. Twashukuru kwamba imepungua sana tangu taa za jua na tochi za betri zilipoingia madukani. Lakini haijatoweka. Wataalamu waliopima taa za utambi wameona kwamba katika kila gramu 100 za mafuta ya taa zinazoungua, gramu 7 hadi 9 hugeuka kuwa masizi meusi. Mtoto asomaye kwa koroboi huweka pua yake karibu na utambi, na asubuhi akipenga kamasi huona weusi. Weusi huo ndio ule ulioshindwa kupita. Uliopita umekwisha kuingia kifuani. Ndiyo maana mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu waache kutumia mafuta ya taa majumbani. Tena mafuta hayo huwekwa katika chupa za soda, mtoto mwenye kiu akanywa, na hatari hiyo kila mama aijua.

Pili, dizeli. Watu wa Hanang hawakuanza kuijua dizeli jana. Kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yalifunguliwa kwa msaada wa Kanada, ekari zipatazo 100,000, zikalimwa na kuvunwa kwa mashine. Wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho yao, wakapeleka madai yao mpaka mahakamani. Siku zile watu walihesabu magunia na ekari. Hewa aliyovuta dereva wa trekta na mtu wa kuvuna haikuhesabiwa katika daftari lo lote. Leo twajua zaidi. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitamka wazi kwamba moshi wa dizeli huleta saratani kwa binadamu.

Basi moshi huu hufanyaje kazi yake mbaya? Ndani ya moshi mna chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Zile za hatari zaidi hazizidi sehemu mbili na nusu za milioni moja za mita, yaani unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuliko chembe hiyo mara thelathini hivi. Vumbi kubwa la barabarani hunaswa puani na kooni, tukakohoa likatoka. Chembe hizi hazinaswi. Hushuka mpaka mwisho wa mapafu, na nyingine huingia katika damu. Huko huchubua mishipa, na ndipo yanapokuja maradhi ya moyo na kiharusi. Katika mapafu huleta kikohozi kisichokwisha, kukosa pumzi, na saratani. Kwa watoto wadogo huleta kichomi, yaani nimonia. Mama mwenye mimba avutaye moshi kila siku aweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Na moshi wa jikoni husaidia kuleta mtoto wa jicho, ambaye hupofusha wazee wetu.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Kwa nchi yetu Serikali imekuwa ikitaja watu wapatao 33,000 kila mwaka. Ndugu zangu, kama adui angevuka mpaka akaua watu 33,000, pasingekuwa na mtu wa kulala. Lakini kwa kuwa adui huyu anakaa jikoni, na wengi awauao ni akina mama na watoto, twasema ni kazi ya Mungu.

Hapa kwetu kuna jambo moja ambalo wageni waletao mipango hulisahau. Mbulu ni nchi ya baridi. Nyumba za Wairaqw wa zamani zilichimbwa katika mteremko wa kilima, paa la udongo, matundu machache. Zilijengwa hivyo kwa akili, kuzuia baridi na kuficha watu na ng'ombe wasionekane na adui. Mpaka leo, hata penye bati na tofali, mwezi wa Juni na Julai twafunga milango na madirisha. Moto wetu haupiki tu, hutupa joto pia. Kwa hiyo mtu akitupa jiko la gesi akaenda zake, amemaliza shauri la chungu, hajamaliza shauri la baridi. Mama atapika kwa gesi, kisha atawasha kuni watoto waote.

Na hapa tuseme onyo kwa sauti kubwa. Msiingize jiko la mkaa chumbani mkalala nalo. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Hushika damu mahali pa hewa safi, mtu akasinzia asiamke tena. Jenereta ndani ya nyumba ni hivyo hivyo.

Ndugu zangu, je, jambo hili laweza kushindwa? Twasema laweza, na ushahidi tunao. Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi, ambayo huharibu akili za watoto. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikutana Dakar zikaazimia kuiondoa, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 petroli ya namna hiyo ilikuwa imeondolewa Tanzania na Afrika kusini ya Sahara. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutaka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Mambo haya hayakufanywa na mtu mmoja kijijini. Yalifanywa na serikali zilizokubaliana. Basi tusikubali kuambiwa kwamba hewa ni bahati ya mtu.

Tena Serikali imetangaza Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, nao wataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Taasisi zilishawekewa tarehe: zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na zinazolisha zaidi ya 300, kufikia mwisho wa Januari 2025. Tarehe hizo zimepita. Ni haki yetu, tena ni wajibu wetu, kwenda katika kila shule ya bweni ya Mbulu na Hanang tukaangalie jikoni kunafuka nini.

Sasa neno juu ya gesi. Wapo wasemao gesi ni yetu, imegunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, kwa nini basi tuinunue ghali? Jibu ni kwamba gesi ile hupita katika bomba, na kwa sehemu kubwa huchomwa kutoa umeme. Ile ya mitungi ni ya namna nyingine, nayo hutoka ng'ambo kwa meli. Bei yake hupanda na kushuka kwa mashauri ya watu tusiowajua. Ruzuku ya mtungi wa kilo 6 ni jambo jema, lakini mtungi hununuliwa mara moja, na gesi hununuliwa kila ikiisha. Mama wa Basotu akikosa fedha ya kujaza, mtungi utageuka kigoda. Kwa hiyo tusitegemee njia moja.

Njia zetu ni hizi. Kwanza umeme. Nguzo zimefika karibu vijiji vyote vya nchi, lakini kufika kijijini si kufika jikoni. Tudai waya uingie nyumbani, na majiko ya umeme yauzwe kwa mkopo wa vikundi. Pili, samadi. Sisi ni wafugaji. CAMARTEC ya Arusha imejenga mitambo ya gesi ya samadi tangu miaka ya 1980. Ng'ombe wawili walishwao zizini hutosha mtambo mdogo, ila kila ndoo ya samadi yataka ndoo ya maji, basi penye shida ya maji tuanze na maji. Tatu, mpaka hayo yatakapofika, jiko banifu lenye bomba la kutoa moshi nje, kuni zilizokauka, na dirisha jikoni. Hilo halimalizi hatari, lakini huipunguza. Nne, kila mwenye mashine ya kusaga aelekeze bomba la moshi nje juu ya paa, mbali na mlango ambapo akina mama na watoto wao mgongoni hungoja unga.

Na akina baba tuseme nasi. Fedha ya bati hupatikana, ya pikipiki hupatikana, lakini fedha ya jiko huambiwa ingoje. Nani ameamua hivyo? Si yule akohoaye. Mkutano wa nyumba yako ndio tawi la kwanza la Chama, na jambo hili lipigiwe kura huko kwanza.

Twaomba kila tawi lichague watu watatu, mmoja wao awe mama apikaye, wahesabu majiko ya shule, zahanati na mashine za kusaga za kata yao, waandike waliyoyaona, wayapeleke kwa diwani, na wamwulize tena baada ya miezi mitatu. Tulipata Uhuru kwa kuuliza bila kuchoka. Hewa safi nayo tutaipata hivyo hivyo.

Uhuru na Kazi.