Matarajio ya Mawasiliano katika Kikundi cha Utafiti wa Lugha: Kutoka Kamati ya 1930 hadi Nyansurura



Isimu huchunguza mawasiliano ya binadamu, lakini wanaisimu hawajatilia maanani vya kutosha namna wanavyowasiliana wao kwa wao wanapofanya utafiti kwa pamoja. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba ubora wa data ya lugha hutegemea makubaliano yaliyo wazi: nani anamwarifu nani, kwa wakati gani, na nani ana haki ya kusahihisha.

Historia ya Kiswahili inatoa funzo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kusimamia usanifishaji wa Kiswahili katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kazi iliyotapakaa katika nchi nne haikuwezekana bila barua, taarifa na jarida. Hata hivyo, Waafrika hawakuwa wajumbe wa Kamati hiyo hadi mwaka 1946. Kwa miaka 16, ambamo kamusi sanifu za mwaka 1939 zilichapishwa, maamuzi kuhusu lugha yalipitishwa bila wenye lugha kuwa wajumbe. Mawasiliano yalikuwapo, lakini mlango wa kusahihisha ulikuwa wa wachache.

Swali hilo halikuishia kwenye Kiswahili. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Mradi wa Lugha za Tanzania, ambao mwaka 2009 ulichapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania. Utafiti wa upana huo huwahitaji wakuu wa mradi, wahadhiri, wanafunzi na wazungumzaji wenyewe, nao hawaishi mahali pamoja.

Na ichukuliwe Nyansurura, mkoani Mara, katika ukanda wa wilaya za Tarime na Serengeti, ambako Kikuria na Kingoreme ni lugha jirani. Kila moja kati ya lugha hizi ina irabu saba, ilhali alfabeti ya Kiswahili ina herufi tano tu za irabu. Tuseme mwanafunzi aliyetumwa huko anasikia irabu saba na kuzinukuu, lakini anayeingiza data chuoni anazipunguza ziwe tano kwa sababu hakuarifiwa. Hakuna aliyefanya uzembe. Kilichokosekana ni ujumbe mmoja. Lakini maneno mawili yaliyokuwa tofauti kijijini yanaweza kuwa neno moja katika kamusi.

Toni inahitaji uangalifu zaidi. Katika vitenzi vya Kikuria, toni ya juu inaweza kuanzia mora ya 1, ya 2, ya 3 au ya 4, kwa kutegemea njeo. Mnukuzi anayekosea mora moja anaweza kubadili wakati wa tendo. Kosa kama hilo hugunduliwa na mzungumzaji kabla ya profesa, mradi tu mzungumzaji asomewe kilichoandikwa.

Kwa hiyo kikundi cha utafiti kinapaswa kukubaliana mambo manne kabla ya safari ya kwanza. Kwanza, kila swali kutoka uwandani liwe na muda maalumu wa kujibiwa, hata kama jibu ni kwamba suala bado linafikiriwa. Pili, kila uamuzi wa unukuzi uandikwe, uwekewe tarehe na kupelekwa kwa wote. Tatu, mwanafunzi aruhusiwe kumwambia mkuu wake kwamba amekosea, bila hofu wala utovu wa adabu. Heshima kwa wakubwa ni tunu ya jamii zetu, lakini heshima inayoficha kosa haimsaidii mkubwa wala taaluma. Kuuliza si ujinga. Nne, mzungumzaji ahesabiwe kuwa mwanakikundi: arejeshewe matokeo na apewe nafasi ya kuyapinga.

Sharti hili la nne ndilo husahaulika mara nyingi. Mtafiti hurudi chuoni na kanda zake, huandika tasnifu, hutunukiwa shahada; mzee aliyempa maneno yake hasikii tena habari yoyote. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayeondoka na maneno ya mwenyeji bila kurudisha jibu hajamponya mtu. Tena anamfungia mlango mtafiti atakayemfuata, kwani mzee aliyepuuzwa mara moja hana sababu ya kusema tena.